Usukani wa Nduthi Umepinda? Kabla Ulipe Shorumu, Piga Hii Hesabu Kwanza

Tuseme ni Jumanne jioni, mvua imenyesha, uko Jogoo Road na kastoma nyuma. Mathree inakukatia mbele bila indiketa. Unashika breki, tairi inateleza na nduthi inalala upande wa kulia pole pole. Shukuru Mungu hakuna mtu ameumia. Kastoma anajipangusa matope, anakuangalia vibaya, anatafuta boda ingine.

Ukiinua nduthi, unaona usukani umepinda. Mkono mmoja uko mbele, mwingine uko nyuma. Unaendesha moja kwa moja lakini mwili umekaa upande, ni kama umebeba gunia la viazi kwa bega moja.

Asubuhi una njia tatu. Uende shorumu yenye ilikuuzia nduthi, wakufungie usukani mpya na ulipe kazi yao. Uende kwa fundi wa mtaa, ulipe soo kadhaa. Ama ushike spana, ufanye mwenyewe. Wasee kwa steji watakuambia wote kwa pamoja: "Hiyo ni bolti nne tu, mbona ulipe mtu?"

Ni ukweli, ni bolti nne. Lakini hizo ndizo zimeshikilia mikono yako, breki yako na maisha ya mwenye amekaa nyuma. Kwa hivyo usikimbie kulipa, na pia usikimbie kufungua. Tuliza kichwa, tuhesabu pamoja.

Hakikisha ni usukani, sio kitu kingine

Hapa ndipo wengi hupoteza doo. Msee ananunua usukani mpya, anafunga, na nduthi bado inavuta upande. Kumbe tatizo lilikuwa chini.

Simama mbele ya nduthi, uangalie gurudumu la mbele likiwa limenyooka. Kama gurudumu limenyooka lakini usukani wote umegeuka upande, na ncha zake mbili bado zinafanana, basi usukani wenyewe unaweza kuwa mzima. Chenye kimejipinda ni zile shoki mbili za mbele ndani ya vishikio vyake. Mara nyingi fundi hulegeza bolti za vile vishikio, anabana gurudumu katikati ya magoti, anazungusha usukani hadi unyooke, halafu anakaza tena. Hakuna spea ya kununua hapo.

Kama ncha moja iko juu kuliko nyingine, ama moja imekuja karibu na tangi, huo usukani ndio umepinda. Ukishautoa, uweke juu ya kioo ama meza iliyo sawa. Utaona upande wenye umeinuka.

Kama shoki zenyewe zimepinda, ama kile chuma cha juu chenye kinabeba usukani kina ufa, funga hii stori ya kujifanyia. Hiyo sio kazi ya kujifunzia nyuma ya keja.

"Si niunyooshe tu?"

Hii swali iko kila steji. Kuna jamaa wa jua kali atakuambia anaupasha moto, anaupiga nyundo, na kwa soo moja unaenda nao nyumbani.

Sikiza. Chuma kikipindwa halafu kipindwe tena, kinachoka pale pale kilipojikunja. Nje kinaweza kuonekana poa, kikipakwa rangi nyeusi hata hutajua. Lakini ndani ufa unaweza kuwa umeanza. Ufa wa aina hiyo haupigi kelele. Unangoja siku umegonga shimo na mzigo nyuma, ndiyo usukani ukatike mkononi. Na kama usukani wako ni wa aluminiamu, hapo hata usijaribu, ukipinda unatupwa.

Kuchomelea pia ni vile vile. Moto wa kuchomelea hubadilisha chuma kando ya kiungo, na usukani unatetemeka siku mzima. Nunua mpya.

Shorumu huhesabu aje hiyo doo?

Ukipewa bei shorumu, usiangalie tu nambari ya mwisho. Kawaida ina vipande vitatu: bei ya spea, bei ya kazi, na kodi.

Bei ya kazi ndiyo hushangaza watu. Shorumu nyingi hazihesabu dakika zenye fundi ametumia kwa nduthi yako. Kila kazi imepangiwa muda wake, na huo muda unazidishwa na bei ya saa moja ya karakana. Kama kazi imepangiwa saa moja na nusu na fundi akaimaliza kwa dakika 50, bado unalipa saa moja na nusu. Huo sio wizi, ndivyo mfumo ulivyo. Ndani ya hiyo doo kuna mshahara wa fundi, kodi ya jengo, vifaa, na mtu wa kukuandikia risiti.

Tuseme saa moja ya karakana ni ngiri moja. Saa moja na nusu ni 1,500. Ukiongeza VAT ya asilimia 16, inakuwa 1,740, na bado haujanunua usukani.

Kabla useme ndiyo, uliza maswali manne. Moja, nipe bei ya spea kando na bei ya kazi kando. Mbili, nikija na usukani wangu mtaufunga? Karakana zingine hukataa, zingine hukubali lakini hazitoi garantii. Tatu, itachukua muda gani, na nduthi itashikwa saa ngapi? Nne, nikirudi baada ya wiki bolti zikiwa zimelegea, mtanikazia bure?

Hilo swali la nne ndilo unalipia haswa. Ukilipa shorumu unanunua kazi na pia mtu wa kurudia kama kitu kimeenda mrama. Kama hawawezi kukupa hiyo, basi unalipa tu sakafu safi na kiti cha kungojea.

Sasa piga hesabu yako

Wengi hulinganisha bei ya kazi peke yake. Hapo ndipo unajidanganya. Mtu wa boda ana gharama ingine haionekani kwa risiti: nduthi ikilala, mfuko pia umelala.

Tuchukue mfano. Hizi nambari ni za kutuonyesha njia tu, weka zako. Tuseme ukitoa mafuta unabaki na ngiri moja kwa siku.

Shorumu: kazi 1,740. Foleni inakula nusu siku, yaani soo tano. Jumla 2,240.

Fundi wa mtaa: kazi soo nne. Unangoja masaa mawili, tuseme soo mbili zimepotea. Jumla soo sita.

Wewe mwenyewe na spana unazo: kazi sufuri. Mara ya kwanza itakuchukua masaa matatu, lakini unaifanya Jumapili alasiri wakati hakuna kazi. Jumla ni karibu sufuri, pamoja na jasho.

Wewe mwenyewe bila spana hata moja: tuseme seti nzuri ni ngiri mbili. Jumla 2,000.

Umeona hapo? Kama hauna vifaa, kujifungia usukani mara moja kunakugharimu karibu sawa na shorumu, na zaidi ya mara tatu ya fundi wa mtaa. Ile stori ya "kujifanyia ni bure" inaanza kuwa kweli ukishakuwa na spana, na ukizitumia tena kwa kebo za klachi, kukaza cheni, kubadilisha oili na kurekebisha breki. Spana haijilipi kwa kazi moja, inajilipa kwa mwaka.

Kwa hivyo swali la kwanza ni hili: baada ya usukani, hizo spana zitafanya kazi gani ingine? Kama jibu ni "hakuna", achana nayo.

Ukinunua, usichezwe

Nairobi, spea nyingi za nduthi utazipata pande za Kirinyaga Road na Grogan. Ukienda huko, beba usukani wako wa zamani. Kama bado uko kwa nduthi, beba vipimo na picha.

Angalia unene wa bomba. Nduthi nyingi hutumia bomba la milimita 22 pale gripu na leva zinapokaa. Nduthi kubwa zingine zina usukani mnono katikati, milimita 28.6, halafu unapungua kuwa 22 pale mikono inashika. Hizo mbili haziingiliani. Ukinunua wa milimita 28.6 na vibano vyako ni vya 22, umenunua pambo la ukuta.

Angalia urefu na kimo. Ukichukua mrefu ama wa juu kuliko wa zamani, kebo za klachi, mafuta na breki zinaweza kukosa kufika. Hapo utanunua kebo mpya pia, na ile hesabu yetu imeharibika. Kama shida yako ni kupinda tu, chukua unaofanana na ule wa zamani na uachane na mambo ya luku.

Angalia katikati kama kuna mikwaruzo ya chuma pale vibano vinashika, kama wako wa zamani ulikuwa nayo. Hiyo mikwaruzo inazuia usukani kuzunguka. Na uangalie vile vishimo vidogo vya swichi, upande wa kushoto na kulia. Shika hiyo neno "vishimo", tutairudia.

Vifaa vya kuwa navyo

Spana ama soketi za nambari 10, 12, 13 na 14 zinatosha nduthi nyingi za boda. Kama bolti za juu zina tundu la pembe sita, utataka spana ya alen. Ongeza bisibisi ya nyota, sabuni na maji, kitambaa, kamba mbili tatu, na simu yenye kamera. Simu ndiyo kifaa cha maana kuliko vyote, utaona.

Hatua kwa hatua

1. Piga picha. Kabla hujagusa kitu, piga picha za kila upande. Kebo ya klachi imepita wapi? Ya mafuta iko mbele ama nyuma ya ile ya breki? Nyaya za swichi zimefungwa wapi? Baada ya masaa mawili hutakumbuka, na kebo ikipita njia mbaya inabanwa kila ukikata kona.

2. Simamisha nduthi kwa stendi ya katikati, mahali pamenyooka. Toa waya wa negativu kwa betri, kwa sababu utakuwa unashika swichi na nyaya. Funika tangi na blanketi kuukuu. Tangi likikwaruzwa na leva, utalia.

3. Toa saidi mira. Kuna nduthi, hasa za Yamaha, zenye mira ya kulia hufunguka kinyume. Ukiona imekataa, usiilazimishe, jaribu upande ule mwingine.

4. Toa gripu. Inua ukingo na bisibisi bapa, mwaga maji ya sabuni ndani, zungusha ukivuta. Karakana zenye kompresa hupuliza hewa na gripu inatoka yenyewe. Usitumie oili ya injini, maana gripu ikirudishwa itakuwa inateleza siku zote.

5. Fungua swichi, leva ya klachi na leva ya breki. Legeza kebo kwanza ndiyo zitoke bila kupigana. Kama breki yako ya mbele ni ya drum, ni kebo tu. Kama ni ya disk, kuna kile kikopo cha mafuta ya breki. Usifungue mpira wake. Toa kikopo kizima, kifunge na kamba kikiwa kimesimama wima vile kilikuwa. Ukikipindua, hewa inaweza kuingia na leva iwe laini kama mandazi. Na mafuta ya breki yakimwagikia rangi, osha na maji mara moja, kwa sababu hula rangi.

6. Fungua bolti nne za vibano, toa usukani wa zamani. Safisha vibano vizuri. Mchanga kidogo ukibaki hapo, usukani hautashikwa sawa.

7. Weka mpya, lakini usikaze. Rudisha vibano, kaza kwa vidole tu. Kama usukani una alama ya nukta, ipange na mstari pale kibano cha juu na cha chini hukutana. Kama vibano vina alama, mara nyingi huelekea mbele. Sasa kaa juu ya nduthi vile hukaa kazini, funga macho, nyoosha mikono. Usukani uje pale mikono imefika. Kifundo cha mkono kisipinde juu wala chini. Wewe hukaa hapo masaa kumi, usifuate vile jirani amefunga wake.

8. Zungusha usukani hadi mwisho wa kushoto, halafu mwisho wa kulia. Ukigusa tangi ama ukibana vidole vyako, rekebisha sasa.

9. Kaza. Hapa usiwe na haraka. Nduthi nyingi hutaka bolti za mbele zikazwe kwanza hadi mwisho, halafu za nyuma, ili pengo dogo libaki nyuma peke yake. Zingine hutaka pengo lifanane mbele na nyuma. Kitabu cha nduthi yako ndicho huamua. Kama huna kitabu na hakuna alama, acha pengo lifanane, kaza kidogo kidogo ukienda kwa msalaba: mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia, nyuma kushoto.

Nguvu kiasi gani? Bolti za unene wa milimita 8 kwa kawaida hukazwa karibu Nm 20 hadi 25. Kama huna spana ya kupima, fikiria hivi: ukishika spana ya urefu wa sentimita 15 kwa ncha yake, nguvu ya kutosha ni kama uzito wa kilo 15 ukining'inia hapo. Ni mkono mmoja, bila kusimama juu yake na bila kuongeza bomba. Ukiongeza bomba utakata nyuzi za bolti, na hapo umejinunulia kazi mpya.

10. Rudisha kila kitu ukiangalia picha. Gripu ya kushoto tia gundi yake na uiache ikauke. Ya kulia hukaa juu ya ile bomba ya plastiki ya kuvuta mafuta. Gundi isiingie ndani ya hiyo bomba, maana ikishikana na usukani mafuta hayatarudi.

Vile vishimo vya swichi

Sasa turudi kwa ile neno. Ndani ya kasha la swichi kuna kinundu kidogo chenye huingia kwa kishimo cha usukani. Kazi yake ni kuzuia kasha lisizunguke.

Usukani mwingine wa bei ya chini hauna hivyo vishimo. Fundi mwenye haraka hufanya nini? Anakata kinundu, anakaza kasha, kazi imekwisha. Inaonekana poa. Lakini baada ya wiki, kasha la kulia linaanza kuzunguka kila ukivuta mafuta. Kebo inavutwa na kasha lenyewe, na nduthi inaweza kuendelea kukimbia hata ukiachilia mkono. Fikiria hiyo ikikupata kwa raundabauti ya Muthurwa.

Njia ya sawa ni kupanga kasha pale linafaa, kuweka alama, na kutoboa kishimo kidogo cha kutosha kile kinundu tu. Toboa mara moja, mahali pamoja. Usukani wenye mashimo mengi ni filimbi.

Kabla kastoma apande

Rudisha waya wa betri. Sasa pima, na usiruke hata moja.

Mkono wa mafuta: vuta na uachilie, usukani ukiwa katikati, kushoto na kulia. Urudi wenyewe kwa haraka kila mara. Kabla haujaanza kuvuta kebo, uwe na nafasi ya kucheza kama milimita 2 hadi 6.

Injini: washa, iache ingurume pole pole, halafu zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho. Kama mlio unapanda ukikata kona, kebo ya mafuta imekazwa ama imepita njia mbaya. Usitoke hapo. Hiyo nduthi itaongeza mwendo yenyewe ukikata kona.

Klachi: ncha ya leva icheze milimita 10 hadi 20 kabla ianze kushika. Ikikosa kucheza, klachi haishiki vizuri na itaungua.

Breki: bana leva ya mbele na usukume nduthi. Isogee? Hapana. Halafu angalia taa ya nyuma kama inawaka ukibana. Wengi husahau huo waya mdogo wa swichi ya breki, halafu wanagongwa nyuma usiku na kumlaumu dereva wa lori.

Umeme: honi, indiketa zote nne, taa ya juu na ya chini, swichi ya kuwasha na ya kuzima.

Kipimo cha mwisho: simama mbele, bana gurudumu kwa magoti, sukuma usukani chini na nguvu ya mwili. Ukizunguka hata kidogo, bolti hazijakazwa. Afadhali ugundue hapo kuliko wakati umeshika breki kwa mteremko, uzito wote uko kwa mikono, na usukani unaanguka mbele.

Endesha pole pole mtaani bila mtu nyuma. Baada ya kilomita 100 hivi, kagua bolti zote tena. Vitu vipya hukaa vizuri baada ya kutetemeka.

Wakati wa kuweka spana chini

Kuna siku ya kulipa shorumu na kunyamaza.

Nduthi iko kwa garantii. Soma karatasi yako. Kama imeandikwa ukifungua kitu mwenyewe garantii inakufa, basi 1,740 ni bei ya chini kuliko kupoteza haki ya injini.

Nduthi ni ya mkopo. Kama logbook bado iko kwa jina la mwenye alikukopesha, hiyo nduthi haijakuwa yako kamili. Mpigie simu kwanza. Wengine wana karakana yao na hawataki mtu mwingine aguse.

Nduthi ni ya umeme. Hapo mkono wa mafuta hauna kebo, una kihisi na nyaya zinazoongea na mtambo wa mota. Ukiunganisha vibaya unaweza kuunguza kitu cha bei mbaya, ama nduthi iruke mbele ukiwasha.

Nduthi ni kubwa, ina ABS, klachi ya mafuta ama nyaya zinazopita ndani ya usukani. Hiyo kazi inaweza kula siku nzima, na kutoa hewa kwa breki za ABS wakati mwingine hutaka mashine ya shorumu.

Na ya mwisho: hujiamini. Hakuna aibu. Mwenye anajua hajui huishi sana barabarani.

Kuna njia ya katikati

Kama hauna spana na shorumu inakukazia, nenda kwa fundi wa mtaa mwenye umeona kazi yake, lakini usiende kukaa chini ya mti ukiscroll simu. Beba usukani wako mwenyewe, kagua vishimo pamoja naye, na umwambie mapema: "Boss, kinundu cha swichi kisikatwe." Piga picha zako kabla aanze. Simama hapo, uone bolti gani anakaza kwanza. Akimaliza, fanya vile vipimo vyote vya hapo juu mbele yake kabla utoe doo.

Fundi mzuri hatakasirika. Atakuonyesha. Mwenye atakasirika ukijaribu kusukuma usukani chini, huyo amekujibu swali lako.

Hizo soo nne zitakuwa zimekununulia vitu viwili: usukani uliofungwa na somo. Mara ya pili ukianguka, Mungu apishe mbali, utakuwa unajua kama ni kazi yako, ya fundi, ama ya shorumu. Na yule kastoma wa Jumatano asubuhi, mwenye hajui chochote kuhusu bolti zako, atapanda tu, akushike mabega, aseme: "Twende tao, na usikimbie sana."